Jinsi ya kupima kazi za mtafiti wa dinosaria bila h-indeksi kukudanganya: mwongozo kamili

Watu wengi wakitaka kujua mtafiti fulani ni mzito kiasi gani wanafungua Google Scholar, wanacheki ile namba ya saitesheni (mara ambazo kazi zake zimenukuliwa na watafiti wengine), basi, hukumu imeshatoka. Kwa mtu wa malaria au wa kompyuta njia hiyo inaweza ikakupa picha ya haraka haraka. Ila kwa watu wa dinosaria inapotosha sana, kwa sababu kazi yao kubwa, yaani kuchimba mfupa, kuusafisha, kuuelezea na kumpa mnyama jina, mara nyingi inatajwa kila mahali bila kuhesabiwa popote. Kwa hiyo kama wewe ni mwanafunzi unatafuta supavaiza, au mwandishi wa habari unataka kujua huyu unayemhoji ana uzito gani, au unapenda tu haya mambo, fuata hizi hatua.

Mfano wetu mkuu ni Sterling Nesbitt wa Virginia Tech, Marekani. Nimemchagua kwa sababu kazi zake kadhaa zinazojulikana zinatokana na mifupa ya kusini mwa Tanzania, kule bonde la Ruhuhu. Pembeni tutakuwa tunamchungulia na Mjerumani Werner Janensch, yule aliyeelezea mifupa ya dinosaria wa Tendaguru, Lindi, aliyefariki 1969 na ambaye hana profaili popote.

Simu inatosha kwa hatua za mwanzo ila ukifika kwenye shiti ya Eksel tafuta laptop. Bando halitaliwa sana kwa sababu orodha za pepa ni maandishi tu, kinachokula bando ni kupakua PDF zenye picha za mifupa, hizo acha mpaka upate wifi.

Hatua ya 1: Hakikisha unamfuata mtu mwenyewe

Hapa watu wanateleza mapema kabisa. Anza na ORCID, ile namba ya tarakimu 16 ambayo mtafiti anajiandikisha mwenyewe. Kama anayo na anaitunza, umeokoa muda. Kama hana, andika jina lake kwa namna zote linavyotokea kwenye majarida: Sterling Nesbitt, Sterling J. Nesbitt, S. J. Nesbitt. Kwenye Google Scholar andika author:"SJ Nesbitt" utaona zinazokuja.

Kwa Nesbitt kazi ni nyepesi. Sasa mchukue Xu Xing wa Beijing, mmoja wa watu waliotoa majina mengi zaidi ya dinosaria kati ya walio hai leo. Kwenye orodha za marejeo anaandikwa "Xu, X." na watu wanaoandikwa hivyo Uchina ni wengi balaa, wa kemia, wa betri, wa tiba, wote wamo humo. Ukijumlisha bila kuchuja utapata mtu mmoja anayechimba dinosaria wenye manyoya asubuhi na kutengeneza betri jioni. Dawa yake ni kuchuja kwa jarida na kwa taasisi, na pepa yoyote ambayo kichwa chake hakina mnyama, mfupa au enzi ya kijiolojia, ifungue uhakikishe kabla hujaiweka kwenye orodha.

Hatua ya 2: Toa orodha sehemu mbili, siyo moja

Google Scholar inaokota kila kitu: tasnifu, ripoti, muhtasari wa mkutano, hata PDF iliyowekwa kwenye saiti ya chuo. Ndiyo maana namba zake karibu siku zote ziko juu. OpenAlex, ambayo ilifunguliwa 2022 na ni ya bure, inategemea zaidi rekodi zenye DOI (namba ya kudumu ya utambulisho wa pepa mtandaoni) na inakuruhusu kushusha orodha nzima kama shiti. Scopus na Web of Science ni za kulipia, kama chuo chako kinalipia zitumie, kama hakilipii usiumie, kwa kazi hii mbili za kwanza zinatosha. Kuna pia programu ya bure inaitwa Publish or Perish ambayo inavuta data za Google Scholar na kukupangia.

Weka namba za pande zote mbili. Zikipishana kidogo ni kawaida. Zikipishana sana simama, kuna kitu.

Mara nyingi hicho kitu ni nakala. Chukua Nyasasaurus, yule mnyama wa Ruhuhu anayetajwa kama huenda ndiye dinosaria mkongwe kuliko wote wanaojulikana. Pepa yake ilitoka mtandaoni Desemba 2012 kwenye Biology Letters, lakini toleo rasmi la jarida ni la 2013, kwa hiyo wengine wanaandika 2012, wengine 2013, na mashine isipokuwa makini inaziona pepa mbili.

Kwa watu wa zamani ndo vurugu kabisa. Janensch alitoa muhtasari wa wanyama wa Tendaguru mwaka 1914 kwenye Archiv für Biontologie, pepa isiyo na DOI wakati inatoka, kichwa chake kirefu cha Kijerumani. Kila anayeinukuu anakiandika anavyojua, huyu ameandika "Tendaguru-Schichten" kwa kistari, huyu "Tendaguruschichten" neno moja, huyu amekosea herufi. Pepa moja inageuka vipande, na kila kipande kina saitesheni zake. Ukitaka namba ya kweli tafuta kwa neno "Janensch" na mwaka tu, pitia matokeo kwa macho, jumlisha mwenyewe. Inachosha, ila hakuna njia ya mkato.

Hatua ya 3: Tengeneza shiti

Kila pepa mstari wake. Safu hizi: mwaka, jarida, waandishi wangapi, mtu wetu ni wa ngapi, aina ya kazi, saitesheni za Google Scholar, saitesheni za OpenAlex, tarehe uliyocheki. Hiyo ya tarehe watu wanairuka halafu baadaye wanabishana namba ipi ni sahihi wakati zote zilikuwa sahihi siku yake.

Safu ya aina ya kazi ndiyo moyo wa shiti yote. Mimi natumia makundi haya: jina jipya, maelezo marefu ya mifupa, matriksi ya ukoo (nitaieleza hatua ya 5), histolojia ya mfupa (kusoma kipande cha mfupa kwa hadubini), mapitio, jibu au pingamizi. Pepa moja inaweza kuwa na makundi mawili, andika yote.

Hatua ya 4: Piga h-indeksi kwa mkono mara moja

Hiki kipimo kililetwa na mwanafizikia Jorge Hirsch mwaka 2005. Panga pepa kutoka yenye saitesheni nyingi kwenda chache, halafu shuka ukihesabu mpaka pale namba ya mstari inapozidi saitesheni za pepa hiyo. Tuseme mtu ana pepa saba zenye 90, 41, 22, 9, 5, 3 na 0. Mstari wa tano una saitesheni 5, sawa. Mstari wa sita una 3, umevuka. h-indeksi yake ni 5. Ile i10 ya Google ni pepa zenye saitesheni kuanzia 10, hapa ni 3.

Cheki kilichotokea: ile pepa ya 90 ingekuwa na 900, h-indeksi ingebaki 5 vile vile. Hapo ndipo dinosaria wanapoumia, kwa sababu mtafiti anaweza akakaa miaka mingi anaandika kitabu kizima kuhusu mifupa, kikanukuliwa na dunia nzima, na kwenye h-indeksi kikaingia kama kitu kimoja tu sawa na pepa ya kurasa nne.

Na usihangaike na ile impakti fakta ya jarida, yaani wastani wa saitesheni kwa kila pepa ya jarida. Inaangalia pepa za miaka miwili iliyopita tu, wakati pepa ya dinosaria inaweza ikaanza kunoga miaka kumi baada ya kutoka. Janensch alirudi kwenye mifupa ya yule dinosaria mrefu wa Tendaguru, Brachiosaurus brancai, mwaka 1935 kuelezea fuvu, 1950 uti wa mgongo, 1961 miguu, na kazi hizo bado zinafunguliwa. Mwaka 2020 wenye hicho kipimo waliwahi hata kuliondoa Zootaxa, jarida kubwa mno la majina mapya ya wanyama, kisa linajinukuu sana, wanasayansi wakapiga kelele wakalirudisha.

Hatua ya 5: Tenganisha pepa za zana na pepa za habari

Kama una muda wa hatua moja tu, fanya hii.

Fungua orodha ya Nesbitt upange kwa saitesheni. Ungetegemea juu kabisa zikae zile za jarida la Nature, si ndiyo? Asilisaurus wa 2010, ndugu wa karibu wa dinosaria, katoka Tanzania, Nature. Teleocrater wa 2017, mifupa ilianza kuokotwa Ruhuhu miaka ya 1930, Nature tena. Hizo ndizo zilizoandikwa magazetini. Lakini kuna kazi yake ya 2011 kwenye Bulletin ya American Museum of Natural History, namba 352, kurasa 292, iliyotokana na tasnifu yake ya udaktari ya 2009 pale Columbia. Haina mnyama mpya wa kumpigia picha na hakuna gazeti lililohangaika nayo. Ila ndani yake kuna matriksi, yaani jedwali kubwa ambalo kila mstari ni mnyama na kila safu ni sifa ya mfupa, sifa 412, na kila kisanduku kimejazwa 0, 1, 2 au alama ya kuuliza. Hilo jedwali ni jembe la kuazimana: mtu akichimba mnyama mpya wa enzi ya Triasiki iwe Brazil, Argentina au Zambia, na akataka kujua ukoo wake, anachukua jedwali la Nesbitt, anaongeza mstari wa mnyama wake, anaendesha programu, na lazima anukuu 2011.

Kwa hiyo saitesheni za kazi hiyo zinasema watu wanafanyia kazi, na hilo ni jambo tofauti kabisa na kusema watu wamesikia. Kuthibitisha, bonyeza ile namba ya walionukuu chini ya pepa, weka tiki kwenye chaguo la kutafuta ndani ya hizo zilizonukuu, halafu andika neno la Kiingereza la matriksi, "matrix". Linganisha idadi inayobaki na jumla. Rudia kwa pepa ya Asilisaurus. Jua tu kwamba Google Scholar haikuonyeshi zaidi ya matokeo 1,000 kwa utafutaji mmoja, na neno likitokea siyo lazima matriksi imetumika kweli, kwa hiyo fungua chache usome ile sehemu ya mbinu.

Ukitaka mfano mwingine mbali na Nesbitt, angalia kazi ya 2015 ya Tschopp, Mateus na Benson kwenye PeerJ, karibu kurasa 300, ile iliyomrudishia Brontosaurus jina lake baada ya Riggs kulifuta mwaka 1903. Vyombo vya habari vilishika hiyo ya Brontosaurus tu. Watafiti walishika uchambuzi wa mfupa kwa mfupa na mnyama mmoja mmoja.

Hatua ya 6: Hesabu ambacho mashine haihesabu

Cha kwanza ni majina. Mtu akiandika "Asilisaurus kongwe Nesbitt et al., 2010" ndani ya maandishi, hapo katambua kazi, lakini kanuni za majina ya wanyama hazimlazimishi kuiweka pepa hiyo kwenye orodha ya marejeo mwishoni. Asipoiweka, mashine haioni kitu. Angalia na mabano, yana maana yake: "Giraffatitan brancai (Janensch, 1914)", yale mabano yanakwambia Janensch ndiye aliyempa jina la spishi lakini jenasi imebadilika, maana yeye alimwita Brachiosaurus brancai. Siku hizi anayetaka kuhalalisha jina Giraffatitan ananukuu pepa ya Taylor ya 2009, ambaye ndiye aliyechambua kwa kina tofauti ya mjusi wa Tendaguru na yule wa Marekani. Saitesheni inakwenda kwa Taylor, Janensch anabaki kwenye mabano. Hakuna aliyekosea hapo, mfumo ndo ulivyo.

Ili kupata majina aliyotoa mtu wako ingia Paleobiology Database, ni bure, utaona kila jina na mwenye nalo na kama bado ni halali au limeunganishwa na lingine. Hicho cha mwisho ni muhimu mno. Michael Benton alipopitia majina ya dinosaria yaliyotolewa tangu 1824, kwenye kazi yake ya 2008, karibu nusu tu ndiyo yalikuwa bado yamesimama. Othniel Marsh wa karne ya 19 alitoa majina kwa fujo akishindana na Cope, mengine yamedumu kama Stegosaurus na Triceratops, mengine yamekufa. Kwa hiyo usiandike "ametoa majina 30" ukaishia hapo, andika mangapi yako hai.

Cha pili ni viambatisho. Pepa ya Nature ina nafasi finyu ya marejeo, kwa hiyo maelezo marefu ya mifupa na orodha ndefu ya kazi zilizotumika vinasukumwa kwenye faili la ziada, na marejeo yaliyoko humo kwa kawaida hayaingii kwenye hesabu. Watu wanaoelezea mifupa wanapoteza sana hapa.

Cha tatu, tasnifu za zamani. Alan Charig aliandika udaktari wake Cambridge mwaka 1956 kuhusu mifupa ya Ruhuhu, humo majina Teleocrater na Mandasuchus yakatokea, yakazunguka miongo bila kuchapishwa rasmi mpaka 2017 na 2018. Miaka yote hiyo watu walikuwa wanataja "Charig 1956" na ukitafuta saitesheni za hiyo tasnifu kwa DOI utapata patupu.

Hatua ya 7: Ananukuliwa kwa kutumiwa au kwa kupingwa?

Mwaka 2017 Baron, Norman na Barrett walitoa Nature mti mpya wa ukoo wa dinosaria uliovuruga mgawanyo wa tangu karne ya 19. Mwaka huo huo Langer na wenzake wakajibu humo humo Nature. Tangu hapo kila anayegusa asili ya dinosaria anazitaja pamoja. Saitesheni nyingi, ndiyo, lakini huwezi kusema ni kura za ndiyo. Chukua kumi au kumi na tano zilizonukuu, soma sentensi yenyewe, andika kwenye safu: imetumia, imetaja tu, imepinga. Kubishaniwa siyo aibu, wakati mwingine pepa iliyopingwa ndiyo iliyowalazimisha wenzake warudi makumbusho kuangalia mifupa upya.

Kesi mbaya zaidi ni Oculudentavis, kafuvu kadogo ndani ya kaharabu kutoka Myanmar. Ilitoka Nature Machi 2020 ikisemwa ni ndege, mmoja wa dinosaria wadogo kuliko wote, Julai mwaka huo huo ikaondolewa, ikaja kuonekana ni jamii ya mijusi. Saitesheni zake hazikufutika. Kwa hiyo kabla hujajumlisha hakikisha hakuna pepa iliyoondolewa kwenye orodha yako.

Kujinukuu nako usikuchukulie kama dhambi moja kwa moja. Mtu aliyeelezea mifupa ya Ruhuhu akirudi kuelezea mingine ya hapo hapo atamnukuu nani kama siyo yeye mwenyewe?

Hatua ya 8: Angalia jina liko nafasi gani, na nani hayupo kabisa

Kwenye paleontolojia jina la kwanza kwa kawaida ndiye aliyebeba kazi, la mwisho mara nyingi ni kiongozi wa mradi, ingawa wapo wanaopanga kwa alfabeti. Jumlisha tofauti pepa alizoongoza na zile alizokuwa wa sita. Na usishangae kukuta marehemu: Charig alifariki 1997 lakini ni mwandishi wa mwisho kwenye pepa ya Nyasasaurus, kwa sababu Nesbitt na wenzake walitambua kazi yake ya miaka mingi kabla. Mimi huo naona ni uungwana.

Sasa linganisha na Tendaguru. Wajerumani walichimba pale 1909 mpaka 1913, na msimamizi wa wachimbaji alikuwa Boheti bin Amrani, ambaye hana pepa hata moja. Mwaka 2007 Remes akamuita dinosaria mmoja wa Tendaguru Australodocus bohetii. Heshima, sawa, lakini jina kwenye spishi haliingizi saitesheni hata moja kwa mwenye jina. Uandishi mwenza ndio unaoingiza. Ndiyo maana Pakasuchus wa 2010, mamba wa ajabu kutoka bonde la Rukwa, ana vitu viwili vya kuangalia: spishi imepewa jina la marehemu Profesa Saidi Kapilima wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na kwenye orodha ya waandishi wamo Ngasala na Temba. Hao wawili saitesheni zao zinasoma mpaka leo.

Kwa hiyo ongeza safu moja kwenye shiti: je, kuna mwandishi kutoka nchi mfupa ulikotoka? Utafiti wa Raja na wenzake, uliotumia ile ile Paleobiology Database, ulikuta kwamba asilimia 97 ya data za visukuku za miaka 30 iliyopita ziliingizwa na watafiti wa nchi tajiri na zenye kipato cha kati cha juu. Mtafiti mwenye saitesheni nyingi kutoka mifupa ya nchi nyingine na bila mwandishi hata mmoja wa huko, hilo ni jambo la kuandikwa kwenye tathmini, siyo la kunong'ona.

Hatua ya 9: Andika tathmini yako

Usiandike namba moja. Andika aya fupi yenye vitu hivi: amefanya kazi tangu lini, ameongoza pepa ngapi, h-indeksi ni ngapi kwa chanzo kipi na tarehe ipi, kazi ipi inatumiwa kama zana na ipi ilikuwa habari, majina mangapi ya wanyama yako hai, pingamizi kubwa ni lipi, na anafanya kazi na nani wa nchi za mifupa yake. Ukilinganisha watu wawili hakikisha wameanza miaka inayokaribiana, maana saitesheni zinaongezeka hata mtu akiwa amelala.

Shiti ihifadhi. Ukirudi baada ya mwaka usifute namba za zamani, ongeza safu mpya ya tarehe pembeni, utaona ni pepa zipi bado zinapanda na zipi zilipanda mwaka wa kwanza zikasimama.